Bastola ndogo, teke kubwa: uhakiki wa ushauri wanaopewa wanunuzi wa dhahabu

Mwaka 2016 maneno "uhakiki wa silaha" yalikuwa kila mahali. Wenye bastola na bunduki waliitwa wazipeleke polisi, namba ya chuma ilinganishwe na namba ya kwenye leseni. Huo ulikuwa uhakiki wa makaratasi. Leo nakuomba tufanye uhakiki wa kitu ambacho hakuna ofisi inayokikagua: ushauri anaopewa mtu aliyeshapata leseni na sasa anataka kujua achukue bastola gani.

Ushauri wenyewe unajulikana. Kama kazi yako ni kununua dhahabu, chukua ndogo. Haionekani chini ya shati, haichoshi kiuno, na ndogo uliyonayo mwilini ni bora kuliko kubwa uliyoiacha nyumbani. Ukitafuta video za Wamarekani mtandaoni utakuta hoja hiyohiyo, tena imepambwa vizuri. Ni ushauri unaoingia akilini haraka. Tatizo langu ni kwamba unahesabu upande mmoja tu wa mizani, na broka wa dhahabu ni mtu wa mwisho anayepaswa kukubali mizani ya upande mmoja.

Tuelewane kabla hatujaenda mbali. Nazungumzia watu wenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Na mimi ni mtu wa fizikia, sio mwalimu wa shabaha. Nitakachofanya ni kuuchukua ushauri huu na kuupitisha kwenye hesabu ambazo wengi wetu tulizisoma Form Two, tuone unabaki na uzito gani.

Kwa nini Runzewe

Kama hujawahi kupita, Runzewe iko wilaya ya Bukombe. Wilaya hiyo ilikuwa Shinyanga mpaka 2012 ulipoanzishwa mkoa wa Geita. Barabara kuu ya kutoka Kahama kwenda Nyakanazi inapita hapo, na hapohapo inakutana na ile inayotoka Bwanga. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita, mabasi yanapita, na dhahabu ya wachimbaji wadogo inapita pia, kutoka kwenye maduara na mialo kwenda kwa wachenjuaji, na kutoka hapo kwenda sokoni.

Sasa fikiria mzigo wa mnunuzi. Gramu 100 za dhahabu safi zina ujazo wa sentimita za ujazo 5 hivi, kwa sababu dhahabu ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Hiyo haijazi hata kiberiti. Hela ndiyo inayojaza: milioni 10 kwa noti za elfu kumi ni noti 1,000, mabunda kumi. Asubuhi broka anaondoka na mabunda, jioni anarudi na kipande kinachoenea kwenye mfuko wa saa wa jinzi. Watu wanamfahamu, wanajua siku zake, wanaijua pikipiki yake.

Na hofu yake si ya kufikirika. Kwa miaka mingi mabasi ya njia za Kahama, Biharamulo na Kigoma yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa porini. Kwa hiyo simcheki mtu anayetaka kujilinda. Nauliza tu: hicho kidogo alichoambiwa anunue kinampa nini, na kinamnyang'anya nini?

Sehemu ambayo ushauri uko sahihi

Tuanze na haki yake. Bastola inayobebwa kila siku lazima ibebeke. Chukua Glock 17, bastola ya ukubwa kamili inayotumiwa na polisi na majeshi ya nchi nyingi tangu miaka ya 1980. Mtutu wake una milimita 114, magazini inabeba risasi 17, na ikijazwa inafika karibu gramu 900. Karibu kilo nzima kiunoni, kwenye joto, juu ya bodaboda, kwenye barabara ya vumbi, kuanzia saa moja asubuhi. Shati moja jepesi haliifichi. Ukiinama kuangalia mzani, mpini unachora mgongoni.

Glock 43, iliyotoka 2015, inapiga risasi ileile ya milimita 9 lakini mtutu wake una milimita 87 tu, na ikijazwa ina gramu 630 hivi. Ni nyembamba, inakaa vizuri. Ndogo zaidi ni kama Ruger LCP ya 2008: mtutu wa milimita 70, gramu 270 hivi ikiwa tupu, inaingia mfuko wa suruali. Inapiga risasi fupi na dhaifu zaidi, inayoitwa .380.

Kwa hiyo ni kweli: ndogo utaibeba, kubwa utaichoka na kuiacha kabatini. Ushauri unashinda raundi hii bila ubishi. Lakini ona ni raundi gani imeshinda: ya kubeba. Dukani kwenye kaunta, kitu pekee unachoweza kupima ni namna inavyobebeka. Unaishika, unaipima mkononi, unaiweka kiunoni, unajitazama. Hakuna anayepiga risasi kwenye kaunta.

Newton hajali ukubwa wa mfuko wako

Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma. Momentamu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Momentamu ni uzito wa kitu kwa kilo mara mwendo wake, basi. Tufanye hesabu ya makadirio, tuiache kando gesi ya baruti, ambayo kwa kweli inaongeza teke kidogo kwa bastola zote.

Risasi ya gramu 8 ikitoka kwenye mtutu mrefu kwa mita 350 kwa sekunde inabeba momentamu ya 2.8. Gawa kwa kilo 0.9 za bastola kubwa: inarudi nyuma kwa mita 3.1 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 4.4 hivi.

Kwenye mtutu mfupi gesi inapata nafasi ndogo ya kuisukuma risasi, kwa hiyo mwendo unashuka. Tuseme mita 325 kwa sekunde. Momentamu inakuwa 2.6. Gawa kwa kilo 0.63: bastola inarudi kwa mita 4.1 kwa sekunde, jouli 5.4.

Umeona kilichotokea? Nishati ya risasi imeshuka kutoka jouli 490 hadi 422, pungufu ya asilimia 14. Nishati ya teke mkononi mwako imepanda kwa asilimia 23. Umelipa zaidi, umepata pungufu.

Hiyo ya mfukoni je? Risasi ya gramu 6.2 kwa mita 260 kwa sekunde ina jouli 210, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Lakini kwa kuwa chuma chenyewe kikijazwa ni kama gramu 330, kinarudi kwa karibu mita 4.9 kwa sekunde, na jouli 3.9. Yaani risasi imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu, teke limepungua kwa asilimia 10 tu. Na teke hilo linapokelewa na mpini ambao vidole viwili vinaenea, kidole kidogo kinaning'inia hewani.

Huku ndiko ushauri unakoanza kuyumba, hasa ule unaosema "mpe mama ile ndogo, ni laini". Ulaini unaousikia kaunta ni wa kubeba. Wa kupiga uko kinyume chake. Tena kuna la ziada: slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikitoka, ikiwa fupi na nyepesi huhitaji springi ngumu ili isimamishwe mapema. Kwa hiyo kuivuta kwa mkono ili kuingiza risasi chemba, mara nyingi bastola ndogo ni ngumu kuliko kubwa. Na mkono ukilegea wakati wa kupiga, slaidi haimalizi safari yake na ganda linakwama. Mtu mwenye mikono dhaifu ndiye anayepewa chombo kinachodai mkono imara.

Milimita moja ya kosa

Kulenga ni kulinganisha alama mbili: ya nyuma karibu na jicho, na ya mbele mwisho wa mtutu. Umbali kati yake ndio unaoamua makosa yako yanakuzwa kiasi gani. Alama zikiwa mbali kwa milimita 160, kukosea mpangilio kwa milimita moja kunakupeleka pembeni sentimita 6 kwenye shabaha iliyo mita 10 mbele. Zikiwa mbali kwa milimita 100, kosa lilelile linakupeleka sentimita 10. Kwenye zile za mfukoni alama zenyewe ni vinundu vidogo ambavyo gizani huvioni kabisa.

Ongeza na triga. Bastola nyingi za namna hii zinahitaji kidole kivute kwa nguvu ya kama kilo 2.5. Bastola yenyewe ni kilo 0.6. Kidole kinavuta kwa nguvu mara nne ya uzito wa kitu kinachotakiwa kutulia. Ukiwa na bastola nzito, uzito wake unasaidia kuituliza. Ukiwa na nyepesi, mkono peke yake ndio unaofanya kazi hiyo, na mkono huo wakati wa hofu unatetemeka.

Mnaoikumbuka filamu ya Dr. No ya 1962, humo James Bond anakabidhiwa Walther PPK, bastola ndogo iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1931. Tangu hapo sinema zimetufundisha kwamba mtaalamu anabeba ndogo na hakosi. Nusu ya kwanza ina mantiki: ndogo ni chombo cha mtaalamu kwa sababu ndiyo ngumu kuitumia. Sisi tumeisikia kama chombo cha anayeanza.

Sinema zimetudanganya na jambo la pili, kwamba aliyepigwa anarushwa nyuma. Rudi kwenye 2.8 yetu. Igawe kwa mtu wa kilo 70: sentimita 4 kwa sekunde. Hata kuyumba hayumbi kwa sababu ya msukumo huo. Risasi inaumiza kwa kupasua viungo, na kupasua huko mara nyingi hakumzimi mtu papo hapo. FBI walilijifunza hilo vibaya Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Mmoja wa majambazi wawili alipigwa mapema risasi ya milimita 9 iliyoishia bila kufika moyoni, akaendelea kupigana. Mawakala wawili walikufa siku hiyo. Hao walikuwa watu wenye mafunzo, wengi kwa wachache. Kwa hiyo mtu akikwambia "ukiwa nacho, mtu hakusogelei", mwulize amepima wapi.

Sekunde moja na nusu

Kuficha kuna bei nyingine, nayo ni muda. Mwaka 1983 Dennis Tueller, mwalimu wa polisi wa Salt Lake City, aliandika kuhusu jaribio rahisi: mtu anayekimbia anamaliza futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda ambao mtu aliyefundishwa anahitaji kuchomoa bastola na kupiga. Nina shaka na wanaolitaja jaribio hili kama sheria ya maumbile. Lilikuwa zoezi la mafunzo, halikuwa utafiti wenye sampuli na udhibiti. Lakini hata kama makadirio tu, linasema kitu: kwa yule aliye ndani ya mita sita, bastola iliyofichwa sana ni bastola iliyochelewa.

Sasa ifiche kama inavyofichwa Runzewe. Chini ya shati, juu yake koti la pikipiki, wewe umekaa nyuma ya bodaboda na begi limekuja mbele kifuani. Au iko mfukoni pamoja na funguo na simu, bila ala yake. Hiyo ya mfukoni bila ala inanitisha kuliko jambazi, kwa sababu nyingi ya bastola hizi hazina swichi ya usalama ya kubonyeza kwa kidole, na triga haijui tofauti ya kidole na funguo.

Mvutano huu hauna suluhu safi. Ukiificha vizuri, unachelewa. Ukiiweka pa kuchomoa haraka, inaonekana, na bastola inayoonekana yenyewe ni mali ya kuibiwa. Wahandisi wanajitahidi: SIG P365 ya 2018 ilifanikiwa kuingiza risasi 10 kwenye bastola ya ukubwa ambao kabla yake ulikuwa unabeba 6, kwa kuzipanga risasi zigzaga kidogo ndani ya magazini nyembamba. Ni kazi nzuri sana ya jiometri. Ila jiometri ilitatua idadi ya risasi. Teke, alama fupi na uchelewaji vimebaki palepale.

Jambazi yupi?

Hapa ndipo naona kasoro kubwa kuliko zote za ushauri wetu. Umekuja na picha ya Mmarekani: maegesho ya magari, mhalifu mmoja, ana kisu au bastola, anakujia usiku. Zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani hayadai hata kibali cha kubeba bastola kwa kificho. Risasi zinauzwa kama soda, na viwanja vya kulengea shabaha viko vingi. Mtu anaweza kununua bastola ngumu kuitumia, halafu kila wiki akapiga mamia ya risasi mpaka mkono uzoee. Kwetu risasi zinanunuliwa kwa kibali na kwa idadi inayodhibitiwa. Ukiondoa mazoezi kwenye ushauri wa Kimarekani, kinachobaki ni nusu ya ushauri.

Na hatari ya ukanda wa madini ina sura mbili ambazo picha ile haina. Ya kwanza ni watu kadhaa wenye bunduki ya kivita, wamejipanga, barabarani. Agosti 2013 mfanyabiashara wa tanzanite Erasto Msuya aliuawa pembeni ya barabara wilayani Hai, na silaha iliyotumika ilikuwa SMG. SMG inapiga risasi mfululizo na inaua mbali kuliko unavyoweza kulenga na mtutu wa milimita 87. Ukichomoa kibastola mbele ya watu wa namna hiyo, umewapa sababu ya kupiga ambayo labda hawakuwa nayo.

Sura ya pili iko karibu mno: anayekujua. Kijana wa duara, dereva wako, mtu wa nyumbani. Na pengine wewe mwenyewe, siku uliyokunywa au uliyokasirika. Mei 2022 jijini Mwanza mume alimpiga mkewe risasi akamuua, kisha akajiua. Taifa zima lilisimama siku chache, halafu tukaendelea. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha kwenye New England Journal of Medicine utafiti uliokuta kwamba kuwa na bunduki nyumbani kulihusiana na uwezekano mara 2.7 wa mtu wa nyumba hiyo kuuawa. Ni takwimu za Marekani, na zimebishaniwa sana kuhusu kipi ni chanzo na kipi ni matokeo, kwa hiyo sitaki uzichukue kama za Bukombe. Lakini muuzaji wa ushauri wa "iwe nayo mwilini muda wote" anapaswa kueleza muda huo wote unajumuisha nini: baa, chumbani, ugomvi, watoto wanaochezea koti la baba.

Basi ningesema nini

Kama una leseni na umeshaamua, hesabu zilizo juu zinaelekea upande mmoja: chukua kubwa kuliko ile unayotamani kaunta. Ya kati, yenye mpini unaoshikwa na vidole vyote na uzito unaopunguza teke, ndani ya ala inayofunika triga, na ubadilishe mavazi yako kuifuata. Ile ndogo kabisa mwachie mwenye nafasi ya kuifanyia mazoezi. Kama huwezi kupata mazoezi kabisa, hakuna ukubwa utakaokusaidia, na fedha hiyo ina matumizi mengine.

Maana kuna kigezo kingine kwenye mlinganyo huu ambacho ushauri haukigusi: mabunda kumi. Soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita Machi 2019, baada ya serikali kuwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko mengine yakafuata mikoani. Lengo lililotajwa zaidi lilikuwa kuzuia utoroshaji. Kwa usalama, soko lina faida ambayo mabroka hawaiongelei sana: mahali pa kununua panajulikana, pana ulinzi, na malipo yanaweza kupita benki. Kila bunda lisilopanda pikipiki linapunguza sababu ya mtu kukusubiri njiani.

Najua jibu. Mchimbaji kule porini anataka hela taslimu, leo, duarani, na asiyekuwa nayo anapitwa na broka mwenzake. Ni kweli, na ndiyo maana swali hili lina uzito. Lakini angalia limehamia wapi. Tulianza na milimita za mtutu, tumefika kwenye namna dhahabu inavyolipwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza achukue bastola gani, kabla hujamtajia aina yoyote muulize mambo mawili: mwezi huu amepiga risasi ngapi za mazoezi, na kesho atasafiri na shilingi ngapi mfukoni.